Fahari ya Ukoo Isimnyime Mtu Haki

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, nasi hatuna ugomvi na usemi huo. Mwananchi wa Goziba, awe Mhaya, Mkerewe, Mzinza au Msukuma, anayo haki ya kuujua ukoo wake na kuuonea fahari. Katika kisiwa ambacho watu wengi wamekifuata kwa ajili ya dagaa na sangara, jina la ukoo ndilo linalomjulisha mgeni kwa mwenyeji, na siku ya msiba ndilo linaloonyesha nani apelekewe habari ng'ambo.

Miongoni mwa Wahaya kila ukoo una mwiko wake. Mwiko wa Wahinda, waliotoa watawala wa Karagwe na Ihangiro, ni tumbili. Wa Wababito wa Kiziba ni pongo. Mpango huo ulilinda ndoa, ukalea yatima na kuhifadhi historia kabla ya kalamu kufika. Serikali ilipoondoa utawala wa machifu mwaka 1963 haikuzifuta koo, na ilifanya vema.

Lakini mvuvi anapofariki kisiwani, mara nyingi kibanja chake kiko bara, na hapo ndipo fahari hugeuka kuwa dhuluma. Kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa mwaka huo huo wa 1963 zilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maishani mwake, lakini si kuliuza. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Wilaya ya Muleba, aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa yake akaenda mahakamani kupinga. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mauzo yale ni halali, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi.

Wako wanaodai kwamba ukoo ukipoteza shamba utakufa. Na waitazame Scotland, nchi ambayo Mwalimu Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, alisoma kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Katika karne ya 18 na ya 19, wakuu wengi wa koo za huko waliwafukuza watu wao wenyewe katika ardhi ili wafuge kondoo. Undugu wa jina haukumwokoa mnyonge asiye na haki. Hata hivyo wajukuu wa waliofukuzwa, waliotawanyika hadi Canada na Australia, wangali wanajivunia majina na vitambaa vya koo zao. Ukoo haukufa kwa kukosa shamba. Wakuu wake ndio walioaibika.

Kwa hiyo tunawahimiza wazee wa koo, halmashauri za vijiji na mabaraza ya ardhi: binti na mjane wasikilizwe kwanza, kabla kibanja hakijagawanywa. Viongozi wa mialo nao wachaguliwe kwa uadilifu wao, si kwa ukoo wao. Dini inatufundisha kwamba makabila yamewekwa ili watu wajuane. Hayakuwekwa ili wadhulumiane.