Lipa Msingi Kabla ya Mabati: Pesa Yako Isiende na Maji

Jamani, tuanze na picha. Wengi wetu tunayo kwenye simu: ukuta umefika kwenye lenta, fundi amesimama pembeni na koleo, na ndugu ameandika chini yake, "Kazi inaendelea, sasa imebaki mabati." Tunaiangalia wakati wa mapumziko tukiwa na theluji kwenye buti, au usiku tukishamlaza mzee tunayemtunza. Picha hiyo ndiyo inayotuamsha saa kumi alfajiri kwenda kazini.

Mwenzetu mmoja anayejenga nyumba za mbao hapa Saint Paul aliletewa picha ya pili, masika ya 2024. Ukuta ule ule, maji kiunoni. Miaka minne ya ovataimu. Kiwanja alikipata kwa bei rahisi kwa sababu kilikuwa bondeni, naye hakuwahi kuuliza kwa nini ni rahisi.

Hakuwa peke yake. Mei 2023 mafuriko yaliua watu zaidi ya 400 kule Kalehe, Kivu Kusini. Desemba 3 mwaka huo huo, matope yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, ilikuwa zamu ya Mai Mahiu, Kenya: takataka ziliziba njia ya maji chini ya reli, maji yakajaa nyuma ya tuta, kisha yakapasua na kubeba nyumba watu wakiwa wamelala. Sehemu zote tatu kulikuwa na mvua kubwa, mteremko, na nyumba zilizosimama pale maji yanapopita. Ukuta mzuri hausaidii kitu ukiwa njiani mwa maji.

Basi tunashauri hivi: usitume pesa ya nyumba kwa mkupuo. Igawe kwa hatua, na kila hatua uione kabla ya kulipa inayofuata.

Kwanza, kiwanja. Usinunue wakati wa kiangazi ukamaliza. Mwambie ndugu aende baada ya mvua kubwa akupigie video, na awaulize wazee wa pale maji hupita wapi. Sheria nayo ina neno. Tanzania Bara hairuhusu ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kenya, eneo la kando ya mto linaloachwa wazi ni kati ya mita 6 na 30, kutegemea upana wa mto. Ukijenga humo, maji yasipokuja, tingatinga linaweza kuja.

Pili, msingi. Hapa ndipo pesa nyingi hufukiwa bila mtu kuona. Omba picha ya mtaro kabla haujamwagwa zege, futi ya kupimia ikiwa ndani, nondo zikionekana. Fundi akikasirika kwa kuombwa picha, umeshapata jibu lako.

Tatu, lenta na paa. Nyinyi mnaofanya kazi za ujenzi huku mnajua kuliko sisi: nyumba ya Minnesota hufungwa kwa boliti kwenye msingi, na kenchi hushikwa na vyuma vidogo ili upepo usilibebe paa. Mpelekeeni fundi wa nyumbani ujuzi huo. Lenta izunguke nyumba nzima bila kukatika, na mbao za paa zifungwe kwenye lenta kwa ukanda wa chuma au waya mnene, zisishikwe na misumari peke yake.

Nne, moto. Mei 2025, kaskazini mwa jimbo letu karibu na Brimson, moto wa Camp House uliteketeza majengo zaidi ya 100. Mara nyingi nyumba haiungui kwa sababu ndimi za moto zimeifikia. Cheche huruka na upepo, zikaangukia majani makavu kwenye mfereji wa paa au kuni zilizoegemezwa ukutani. Kwa hiyo huku au kule kijijini, mita moja na nusu kuzunguka nyumba isiwe na nyasi kavu, kuni wala gunia la mkaa.

Tano, majirani. Mai Mahiu ilitufundisha kwamba unaweza kujenga vizuri na bado ukazama kwa mfereji ulioziba mbali huko juu. Vyama vyetu hapa huchanga haraka kwa msiba. Tuchange pia kidogo kila mwaka kabla ya masika, vijana wa kijiji walipwe kuzibua mitaro na makalavati. Ni pesa kidogo kuliko ya majeneza.

Sasa tugeukie huku tunakolala. Mei 22, 2011, tornado ilipita kaskazini mwa Minneapolis, mitaa yenye wapangaji wengi wa kipato cha chini. Serikali kuu ilikataa ombi la msaada wa pesa kwa mtu mmoja mmoja. Hilo tusilisahau. Bima ya mwenye nyumba inalipia jengo, hailipii godoro lako wala kompyuta ya mtoto. Nunua bima ya mpangaji. Kwa kawaida ni dola chache kwa mwezi. Lakini soma vizuri, maana kwa kawaida haigusi mafuriko.

King'ora cha Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa saba mchana, ni cha majaribio. Kikilia siku nyingine, usitoke nje kupiga picha. Shuka besimenti, au ingia chumba cha katikati kisicho na dirisha. Pasipoti, hati ya kiwanja na risiti za kutuma pesa zipige picha leo, uzihifadhi pia nje ya simu yako.

Yule mwenzetu ameanza upya, safari hii mlimani. Anatuma polepole. Ndugu zake wanalalamika kwamba hakuna cha kuonyesha majirani. Juzi alitufungulia simu kutuonyesha picha mpya: mtaro mtupu, nondo, na futi ya kupimia. Aliiangalia muda mrefu kuliko alivyokuwa akiangalia ule ukuta.