Roboti Hupima Kwanza, Ndipo Ikate: Mnunuzi wa Vipuri Ajue Nini?

WAFANYABIASHARA wanaovusha vipuri Namanga, Busia na Rusumo wanaijua hasara ya kipuri kisichokaa. Kasha la pampu likikosea hata sehemu ya kumi ya milimita mahali pa beringi, mteja hurudisha mzigo, na nauli na ushuru vimekwisha kulipwa.

Mara nyingi kasoro huanzia kiwandani. Makasha mengi ya pampu hutengenezwa kwa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya mchanga. Chuma hicho kikipoa husinyaa kwa takriban asilimia 1, tena si sawasawa kila mahali. Ndiyo maana vipande viwili vya mchoro mmoja havilingani kabisa. Mashine inayofuata mchoro peke yake inaweza kula upande mmoja kupita kiasi na kuuacha mwingine bila kuugusa.

Kwa sababu hiyo, viwanda kadhaa vimeipa roboti macho. Kipande hufungwa mezani na kumulikwa kwa mistari ya mwanga. Mistari hupinda kufuatana na umbo la kipande, na kamera huitazama kutoka pembeni. Kompyuta hukokotoa mahali pa nukta nyingi mno, huzilinganisha na mchoro, kisha huielekeza roboti ianzie wapi na ikate kina gani. Mapanga ya injini za ndege yaliyolika ncha hukarabatiwa hivyo pia: hujazwa kwa kuchomelewa, hupimwa kwa mwanga, kisha husagwa kila moja kwa umbo lake.

Hata hivyo, mwanga huona nje tu. Hauoni tundu la hewa lililojificha ndani ya chuma, wala hautambui aina ya chuma chenyewe. Nao mkono wa roboti huyumba kidogo unapokata chuma kigumu, hivyo tundu la beringi mara nyingi humaliziwa kwenye mashine nzito.

Basi unapoagiza, usitosheke na kuambiwa kwamba kiwanda kinatumia roboti. Omba karatasi ya vipimo vya shehena yako, si vya sampuli. Ugumu na aina ya chuma uviombee cheti chake. Mzigo ukifika, chagua vipande vichache, upime tundu la beringi na nafasi za bolti kabla ya kumalizia malipo. Kasoro ikigunduliwa hapo, bado una fedha mkononi za kujadiliana na muuzaji.