Juu ya Mahangaiko ya Kila Siku

Mwezi huu twapenda kusema nanyi habari ya jambo lililomo katika kila nyumba, ya mwalimu na ya mvuvi pia, yaani mahangaiko ya moyo.

Sisi tukaao kando ya ziwa hapa Mwanza twazijua sana siku za giza. Mwezi usipoonekana, ndipo wavuvi wa dagaa waendapo ziwani na taa zao, kwani dagaa huufuata mwanga. Basi waume wako majini, na wake zao wamo nyumbani, hawapati usingizi. Upepo ukivuma, husema moyoni, "Leo hawarudi." Na asubuhi warudipo salama, hofu nyingine yaja: je, mvua ikinyesha dagaa wangali mchangani? Maana dagaa walionyeshewa huharibika, na bei yao huwa ya chakula cha kuku.

Tulimtembelea mama mmoja wa kanisa letu, aliyekuwa hali wala halali. Tulipoanza kumwonya asiogope, alitujibu, "Asante, Mwalimu. Lakini ndugu yangu alipanda MV Bukoba." Tukanyamaza, tukaona haya. Kwani meli ile ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba kuja Mwanza, wakafa mamia ya watu. Na wengi wasiotambuliwa walizikwa Igoma. Tena tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101, lakini waliokufa walikuwa zaidi ya 220.

Basi hofu ya mama yule si upuuzi, na anayemwambia mwenye hofu, "Huna imani," amekosa upendo. Someni Marko, sura ya 4. Wanafunzi waliolia chomboni walikuwamo wavuvi hodari, waliozaliwa kando ya ziwa. Bwana hakuanza kwa kuwakemea. Aliutuliza upepo kwanza, ndipo akawauliza habari ya imani yao.

Lakini tusichanganye hofu na uangalifu. Katika Mathayo, sura ya 6, Bwana alitukataza kuisumbukia kesho, akatuonyesha ndege wa angani. Hata hivyo ndege hawangoji chakula katika kiota. Alfajiri wamekwisha kuondoka. Naye Bwana mwenyewe, aliposhauriwa kujitupa kutoka juu ya hekalu, alikataa kumjaribu Mungu. Kwa hiyo mtu apandaye chombo kilichojaa kupita kiasi, akisema, "Mungu yupo," haonyeshi imani, anamjaribu Mungu.

Basi yatupasa kufanya nini?

Kwanza, tutengeneze yaliyo mikononi mwetu. Mume na akague mbao za mtumbwi kabla jua halijatua, tena avae boya. Dagaa na waanikwe juu ya vichanja, na turubai liwe karibu.

Pili, yale yasiyo mikononi mwetu tuyataje mbele za Mungu moja moja: upepo wa usiku huu, ada ya mtoto, homa ya bibi. Mzigo usiotajwa hautuliki.

Tatu, tusimwache mtu akeshe peke yake. Kwa mama yule tulifanya shauri na wanawake wa kanisa. Sasa kila siku za giza wawili huenda kulala kwake kwa zamu. Hubangua karanga, huomba, huzungumza hata usingizi uwajie.

Hatusemi ya kuwa hofu yake imekwisha. Upepo ukivuma angali anaamka. Lakini husikia pumzi za wenzake gizani, huwataja walio majini mbele za Mungu, kisha hulala tena. Nasi tulioenda kumfundisha, tumefundishwa naye.

Enyi walimu, tazameni katika vijiji vyenu: ni nani akeshaye peke yake? Amani ya Kristo ikae nyumbani mwenu.