Picha bora ya treni hupimwaje?

Na Mwandishi Wetu

MTU asiye mpenzi wa reli akionyeshwa picha mbili za treni moja, huenda asione tofauti yoyote. Lakini kwa wapenzi wa treni wa Marekani na Uingereza, picha hizo zaweza kuzua mabishano ya saa nzima.

Kipimo chao cha kwanza ni nuru. Kwa desturi, mpigapicha hulipa jua kisogo na kuinasa treni kwa mshazari, ili uso wa injini na ubavu wake mmoja viangazwe kwa pamoja. Nchini Marekani, mtindo huo ulienezwa sana na vitabu vya Lucius Beebe, kuanzia mwaka 1938.

Kipimo cha pili ni ukamilifu. Nguzo isionekane kana kwamba imeota juu ya paa la injini, wala majani yasifunike magurudumu. Kwa injini ya mvuke, wakosoaji huangalia hata vyuma vinavyounganisha magurudumu. Wengi hupenda vinaswe vikiwa vimeshuka chini kabisa.

Hata hivyo, moja ya picha za reli zinazojulikana zaidi duniani haikufuata kanuni hizo. Mpigaji wake ni Mmarekani O. Winston Link, ambaye kati ya mwaka 1955 na 1960 alipiga picha treni za mvuke za kampuni ya Norfolk and Western. Nyingi alizipiga usiku, kwa kuwa jua halihamishiki, ilhali taa huwekwa pale atakapo mpigapicha.

Agosti 2, 1956, huko Iaeger, West Virginia, Link alinasa treni ya mizigo ikipita kando ya uwanja wa sinema ambao watazamaji huketi ndani ya magari yao. Mbele wapo kijana na msichana katika gari la wazi, na kwenye pazia la sinema inaonekana ndege ya kivita.

Mwanga wa taa za Link ulifuta sura iliyokuwa kwenye pazia. Ndege hiyo aliiongeza baadaye, katika chumba cha kusafishia picha, kutoka negativu nyingine.

Hapo ndipo wapenzi wa treni hugawanyika. Anayeitazama picha kama ushahidi husema imetiwa mkono. Anayeitazama kama sanaa hujibu kwamba inaeleza zama nzima: kampuni hiyo iliacha injini za mvuke mwaka 1960, na kazi za Link sasa zina makumbusho yake mjini Roanoke, Virginia, yaliyofunguliwa mwaka 2004.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hukumu, yafaa kuuliza kwanza picha ilikusudiwa nini: kuhifadhi kumbukumbu ya injini, au kusimulia maisha yaliyoizunguka?

Lakini lipo jambo moja lisilostahili mabishano, nalo ni mahali aliposimama mpigapicha. Treni ndefu ya mizigo inayokwenda kilomita 90 kwa saa huweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja na nusu kabla ya kusimama. Dereva akimwona mtu relini, mara nyingi hana la kufanya zaidi ya kupiga honi na kufunga breki.

Picha iliyopigwa kutoka katikati ya reli, hata iwe na nuru nzuri kiasi gani, haifai kupewa alama. Anayeisifu humwalika kijana mwingine asogee karibu zaidi.