Kutoka Kashikishi Hadi Iceland

Ukikaribia soko la Kashikishi, wilayani Nchelenge, Zambia, harufu inakupokea kabla ya watu. Ni chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani kunapokucha. Nilitafuna mmoja. Utamu upo, ila mchanga ulinikwaruza meno. Mama muuzaji, mwenye Kiswahili cha ng'ambo ya Kongo, alicheka akaniambia nimwoshe kwanza.

Mambo kama hayo ya ubora wa samaki yana darasa lake, tena mbali: Iceland. Tangu 1998 nchi hiyo huwagharamia wataalamu wa uvuvi kutoka nchi zinazoendelea, Watanzania, Wakenya na Waganda wakiwemo, kwa mafunzo ya miezi 6. Wanaanza na masomo ya pamoja, kisha kila mmoja anashika fani yake, na mwisho anaandika utafiti, mara nyingi juu ya tatizo la kwao. Mwaka 2020 mpango huo ulihamia chini ya UNESCO.

Lakini nafasi haiombwi kiholela. Taasisi yako ndiyo inayokupendekeza. Hapo ndipo penye wasiwasi wangu: wa makao makuu huonekana upesi, afisa wa mwaloni akasahaulika. Na hata aliyechaguliwa akirudi na cheti, kichanja cha kuanikia dagaa wasiguse mchanga bado kinataka miti, wavu na bajeti.

Wewe afisa wa uvuvi unayesoma haya, usingoje kuitwa. Mfuate mkuu wako, umwulize majina yanapelekwa lini.