Karafuu Ndani ya Pipa: Namna ya Kuipima Tekila Iliyolazwa Katika Mwaloni

Katika pwani ya mashariki ya Unguja, tangu Pongwe na Uroa hadi Chwaka, na Michamvi ng'ambo ya ghuba, wamo vijana wengi walioajiriwa katika hoteli za watalii, na miongoni mwa kazi zao ni kusimama mbele ya mgeni baada ya chakula cha usiku na kumfafanulia, kwa adabu na kwa ujuzi, tofauti ya chupa moja ya tekila na nyingine. Nao aghalabu ni Waislamu ambao kinywaji hicho hawakigusi, wala mimi sina nia ya kumshawishi hata mmoja wao akiguse. Nimewasikia wakikariri maneno yaliyochapishwa nyuma ya chupa pasina kuyafahamu, na jambo hilo limenisikitisha, kwani elimu ya kuipima tekila iliyolazwa ndani ya pipa la mwaloni ni elimu ya pua zaidi kuliko ulimi, na pua iliyolelewa baina ya karafuu, nazi na vanila ina mizani yake tayari.

Tekila ina ujamaa na mkonge wetu. Mmea unaoitoa ni mkonge wa samawati wa Mexico, na mkonge wa mashamba ya Tanga ni wa ukoo huo huo, ule ambao Dk. Richard Hindorf, Mjerumani, aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, ikasafirishwa miche 1,000 na ikafika hai 62 tu. Lakini huku ulitakiwa uzi wa majani, na kule Jalisco, jimbo la Mexico, hutakiwa moyo wa mmea, ambao baada ya kukaa shambani miaka sita, saba au zaidi hukatwa majani yote, ukaokwa tanurini mpaka utamu wake ukafunguka, ukasagwa, maji yake yakachachushwa kwa hamira, kisha yakakenekwa mara mbili. Kinachotoka ni cheupe kama maji, na kikitiwa chupani hivyo hivyo huitwa blanco. Kikilazwa katika mwaloni miezi miwili au zaidi huitwa reposado. Kikitimiza mwaka, katika pipa lisilozidi lita 600, huitwa añejo. Na kikipita miaka mitatu huitwa extra añejo, daraja iliyotambuliwa rasmi mwaka 2006.

Sasa tuliangalie pipa lenyewe, maana hapa ndipo penye siri. Mapipa mengi ya tekila ni yale yaliyokwisha kutumika kwa wiski ya Kimarekani, na ndani yake yameunguzwa kwa moto mpaka mbao zikafanya mkaa. Moto ule huuvunja utando mgumu wa mti, uitwao lignini, na katika kuvunjika kwake huzaliwa vitu kadhaa vyenye harufu, viwili kati ya hivyo vikiwa ni wenyeji wetu wa siku nyingi: vanilini, ambayo ndiyo roho ya vanila, na yujinoli, ambayo ndiyo karafuu yenyewe, kwani katika mafuta ya karafuu sehemu kubwa kabisa ni hiyo yujinoli. Kwa hiyo mtaalamu asemapo kwamba tekila hii ina karafuu, hatumii tamathali ya usemi. Kitu kile kile kinachomtuliza mwenye kuumwa jino atiwapo karafuu ndicho kilichomo gilasini, ila kwa kiasi kidogo mno. Na ujamaa wa vitu hivi viwili ni wa karibu kuliko wengi wanavyodhani: mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 wenye viwanda vya Ulaya na Marekani waliitengeneza vanilini kwa kuyageuza mafuta ya karafuu, zama ambazo Unguja na Pemba zilikuwa zikililisha soko la dunia kwa zao hilo, baadaye wakagundua kuipata kwa gharama nafuu katika lignini iliyobaki viwandani baada ya kutengeneza karatasi, yaani wakarejea kwenye mti.

Nazi haiko sawasawa na karafuu katika jambo hili. Ile harufu ya nazi iliyokaangwa kidogo, ambayo hutoka kwa wingi zaidi katika mwaloni wa Marekani kuliko wa Ufaransa, haitokani na kitu kile kile kilichomo katika nazi, bali jamaa yake. Lakini pua ya mtu wa Chwaka huitambua mara moja, na hilo latosha. Kisha kuna ukakasi, ambao haunusiki bali huhisika ulimini na ufizini, nao hutoka katika tanini ya mbao, jamii ile ile iliyomo katika bibo na katika magome ya mikoko, ambayo pwani hii iliyauza ng'ambo miaka mingi kwa kutengenezea ngozi.

Pipa, hata hivyo, halitoi sawa kila mara. Bibi zetu walioufukiza mtungi kwa ubani kabla ya kutia maji ya kunywa walijua kwamba maji ya kwanza hutoka na harufu tele, na ya tatu hutoka na kumbukumbu yake tu. Ndivyo lilivyo pipa lililojazwa na kumwagwa mara nyingi, na ndiyo sababu umri ulioandikwa chupani, peke yake, si hoja.

Anayepima na atwae gilasi ndogo yenye mdomo mwembamba, atie kidogo, asitie barafu wala ndimu wala chumvi. Asiizamishe pua, maana ukali wa kileo utamlewesha pua kabla hajapata habari. Na aiweke gilasi chini ya kidevu, afumbue mdomo kidogo, avute pumzi taratibu, kisha aisogeze juu. Jambo la kwanza la kutafuta si vanila. Ni mkonge: utamu wa kitu kilichookwa, ubichi wa majani, uchachu wa ndimu, pilipili manga. Akiisha kuuona huo ndipo aulize mbao zimeongeza nini. Mwenye kuonja kwa kazi huzungusha kidogo mdomoni na kutema, akisubiri ukakasi. Na asiyeonja ana njia yake, nayo ni kuiacha gilasi tupu usiku kucha na kuinusa asubuhi, kileo kikiwa kimekwisha kuruka na harufu nzito za mti zimebaki ukutani mwa gilasi.

Rangi isimghuri mtu. Sheria za Mexico zimeruhusu tekila itiwe sukari iliyounguzwa, dondoo la mwaloni, gliserini au shira, jumla isizidi 1 kwa 100 ya uzito, na kwa hiyo wekundu wa kahawia wawezekana kupatikana pasina subira yoyote. Mimi hushuku vanila inayokuja peke yake, mapema na kwa kelele, isifuatwe na karafuu wala ukakasi, kwa sababu mbao hazitoi zawadi moja zikaizuia nyingine. Na midomo ikinata baada ya kutema, shuku yangu huzidi. Kosa la pili ni kinyume chake: tekila iliyozeeka hata mkonge ukapotea, ikabaki mbao, moshi na uchungu, ambayo ingeweza kuwa kinywaji chochote kile kilichotoka katika pipa. Wengi huisifu hiyo kwa bei yake. Mimi huipa alama chache kuliko reposado nzuri ya miezi minane au tisa, ambayo mkonge wake bado unasema wa kwanza, karafuu ikijibu nyuma yake, na ukakasi ukifunga mlango kwa upole. Na kijana wa Chwaka akiulizwa na mgeni ipi ni bora, ana haki ya kumwonyesha hiyo, ijapokuwa chupa ya pembeni yake imeandikwa thamani maradufu.