Kisukari, Dawa na Lawama ya Mifupa

Umeenea uvumi hapa Macalder, katika Kaunti ya Migori, kwamba dawa za kisukari hula mifupa. Nimeusikia sokoni, nimeusikia pia katika chumba cha walimu, tena kutoka kwa watu wenye vyeti vya kutosha. Wapo wanafunzi ambao nyanya zao wamekwisha kuviacha vidonge kwa ajili yake.

Uvumi huo haukuzuka hewani. Mwaka wa 2006 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa kimataifa uitwao ADOPT, uliowafuatia wagonjwa 4,360 kwa muda wa miaka minne hivi. Miongoni mwa wanawake waliopewa rosiglitazoni, asilimia 9.3 walivunjika mifupa; waliopewa metformini walikuwa asilimia 5.1, na wale wa glibenklamidi asilimia 3.5. Pioglitazoni, nduguye rosiglitazoni, nayo ilionekana kuwa na kasoro iyo hiyo. Sababu inaeleweka. Ndani ya uboho mna chembe changa ziwezazo kukua zikawa chembe za kujenga mfupa au chembe za mafuta, nazo dawa za ukoo huu huzielekeza kwenye mafuta. Mfupa huendelea kubomolewa kama ilivyo kawaida yake, ilhali mafundi wa kuujenga wamepungua.

Lakini tazama, msomaji, jinsi hesabu hizo zinavyoikana kauli ya sokoni. Metformini na glibenklamidi ni vidonge vilivyozoeleka sana nchini, navyo ndivyo vilivyopata afadhali katika utafiti huo. Glibenklamidi, kama insulini, ina hatari ya namna nyingine: ikizidi, au mgonjwa akiimeza kisha asile, sukari hushuka ghafla, kizunguzungu kikamshika, akaanguka. Hapo kinachovunja mfupa ni ardhi, si kidonge.

Na kisukari chenyewe je? Sukari ikikaa juu miaka mingi hujishikiza kwenye kolajeni, ile protini iupayo mfupa unyumbufu wake, nao mfupa hukakamaa ukawa mwepesi kuvunjika hata pale kipimo kinapouonyesha kuwa mzito. Isitoshe, huyafifiza macho na kuiharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Anayetupa dawa ili aiokoe mifupa yake basi huikabidhi kwa adui aliye mkali zaidi, na hili ndilo linaloniudhi katika uvumi huu. Mtaala wa 8-4-4 nao haukusaidia: uliiweka insulini Kidato cha Pili na mifupa Kidato cha Nne, kana kwamba ni mambo ya miili miwili.

Mgonjwa na aende kliniki akiwa na pakiti zake mkononi, jina la kila dawa lisomwe, wala asiache hata moja kabla ya kuzungumza na daktari. Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, au aliyewahi kuvunjika, na aseme hivyo waziwazi ili achaguliwe dawa ifaayo. (Omena wetu, tunaowala pamoja na mifupa yao, wana kalsiamu tele, hawahitaji cheti cha daktari.) Aliyemeza metformini miaka mingi na aulizie pia vitamini B12, kwani dawa hiyo huweza kuipunguza mwilini, na upungufu wake hutia miguu ganzi. Huku kwetu, kwenye mashimo ya wachimba dhahabu, mguu wenye ganzi hufika ukingoni bila kuuhisi.